Nyumba Namba Tatu ya Jike la Bluu

Baba yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Tata, alifanya kazi ya kugawa nyumba. Alikuwa karani wa makazi katika kampuni ya mgodi hapa Kolwezi, zile siku ambazo kampuni ilikuwa bado inawapa wafanyakazi wake mahali pa kukaa. Mtu akipandishwa cheo, Tata alimpelekea ufunguo wa nyumba kubwa zaidi. Mtu akistaafu au akifa, Tata alikwenda kuuchukua ufunguo. Kila ufunguo ulifungwa kibao kidogo chenye namba, na jioni tulimsikia kabla hatujamwona, mifuko yake ikilia kama njuga.

Naanza na habari hiyo kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa jinsi tulivyoyaharibu mayai ya kwanza ya ndege wangu, mimi na yeye, tena kwa nia njema kabisa.

Ndege wenyewe ni perushi, wale kasuku wadogo wa kufugwa wanaotosha kwenye kiganja. Walikuwa sita, jozi tatu: jozi ya kijani, jozi ya manjano, na jozi ya tatu ambayo jike lilikuwa la bluu na dume lilikuwa jeupe. Mimi ni msusi. Shule niliiachia mwaka wa nne wa sekondari, na tangu hapo naweka viti viwili barazani, kimoja cha mteja na kimoja changu. Mteja wangu mmoja alikuwa anahamia Lubumbashi, na watu wa basi walikataa kumpakilia ndege. Aliniuliza kama ninawataka. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Nina tabia ya kuota huku nimefungua macho. Siku hiyo hiyo nilichora kwenye daftari banda refu kama uwanja wa mpira, lenye miti ndani yake, watoto wa shule wakiingia kwa mstari kutazama perushi mia wa kila rangi. Mchoro ulitoka mzuri. Banda tulilolijenga kweli lilikuwa hatua nne kwa mbili, waya wa kuku uliopigiliwa kwenye ukuta wa nyuma ya jikoni.

Ukuta huo ulikuwa na mwenyewe. Mvua zikianza, Mama hupanga pale magunia yake ya makala, yaani mkaa, kwa sababu paa la jikoni linapafunika na ndipo mahali pakavu pekee kwenye uwanja wetu. Alitupa kibali cha kiangazi tu.

"Mvua ya kwanza ikianguka," alisema, "mi nataka fasi yangu. Bandege baende kwa mwengine."

"Na kama balizala batoto, Mama?"

"Kama balizala, tutaona. Lakini ndege ya kula tu na kupiga makelele? Benye kufanya vile, mi niko nabo tayari mu hii nyumba."

Basi nikajua ninachotafuta. Kifaranga mmoja tu, aliyezaliwa kwenye banda letu na kuruka nje ya kisanduku chake kabla ya mvua ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa tano. Mvua zetu hurudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, na wakati mwingine hazingoji.

Perushi hawajengi kiota. Wanataka kisanduku cha mbao chenye mlango wa duara, jike aingie atage ndani gizani. Tata alijitolea kuvitengeneza. Alipata mbao za paleti, akachomeka penseli nyuma ya sikio, na kwa wiki moja nilimwona mwenye furaha kama ambavyo sikuwa nimemwona tangu astaafu. Alitoa visanduku vitatu, na havikufanana. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kina kibaraza mbele na kipande cha lata, yaani bati, juu. Cha pili kilikuwa cha wastani, bila kibaraza. Cha tatu kilikuwa kidogo na cha kawaida. Alivipaka namba kwa rangi nyeupe, moja, mbili, tatu, kisha akavitundika mwenyewe: namba moja karibu na paa, namba mbili usawa wa kifua, namba tatu usawa wa goti.

"Namba moja ya nani?" nilimuuliza.

"Ya mwenye cheo."

"Tata, bandege bana cheo?"

"Kila fasi batu banakaa pamoja, cheo iko." Akanyoosha kidole kwa dume la kijani, ambaye kwa kweli alikuwa mkubwa kuliko wenzake na kila asubuhi alikula wa kwanza. "Ule njo shefu. Ye na bibi yake, namba moja. Ba manjano, namba mbili. Bale ba bluu bangali batoto, batapanda polepole."

Mama alisikia yote kutoka jikoni. "Bape na matricule!" alipaza sauti. "Kila ndege namba yake ya kazi, na siku ya mushahara bapange mustari!"

Nilicheka, Tata hakucheka. Lakini niseme ukweli: mpango ule niliuona mzuri. Nimekulia kwenye mitaa hii ambayo ukiona ukubwa wa dirisha unajua mwenye nyumba alikuwa nani kazini. Haikunijia kwamba ndege angeweza kuliona jambo hilo kwa namna nyingine.

Jike la manjano liliingia namba moja kabla hata Tata hajashuka kwenye kiti.

Kwa asiyewafuga: kumjua jike tazama juu ya mdomo, pale penye matundu ya pua. Kwa dume pana rangi ya bluu, kwa jike pale hugeuka kahawia akitaka kutaga. Na akitaka kutaga, upole wote unakwisha. Wanaogombania nyumba ni majike. Jike la kijani lilimfuata wa manjano hadi ndani, kisanduku kikatikisika, manyoya yakatoka mlangoni. Jike la bluu naye akapanda kujaribu bahati yake. Wakati huo madume matatu yalikaa kwenye kijiti yakiimba.

Mteja niliyekuwa namsuka siku hiyo alitazama tamasha lote. "Sawa na bwana yangu kabisa," alisema. "Vita mu nyumba, ye anafungua redio." Kisha akashika sikio lake. "Na weye, angalia kichwa yangu! Utanisuka na sikio ndani."

Tata hakukubali kushindwa. Kila asubuhi alimkamata jike la kijani, akamtia namba moja kwa mkono, akaziba mlango kwa kiganja chake na kumhutubia. "Hii njo nyumba yako. Kaa. Usitoke-toke." Akiondoa kiganja, ndege anatoka. Hatimaye wa kijani alitaga mle mayai mawili. Siku alipotoka kunywa maji, wa manjano aliingia, na nilipofika mbio mayai yote mawili yalikuwa chini kwenye mchanga, yamepasuka. Wa kijani alirudi, akamshika wa manjano kidole cha mguu akakitafuna mpaka damu.

"Balivunja règlement," Tata alisema, yaani kanuni za makazi. Alikuwa amesimama nje ya waya, mikono nyuma.

"Balivunja mayai," Mama alisema.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Nilikuwa nalia kidogo, peke yangu, nikisafisha damu kwenye mbao kwa maji ya chumvi. Ndipo nilipoanza kutazama badala ya kukimbilia. Kiti changu cha kusukia nilikisogeza mahali ninapoliona banda vizuri, na kila asubuhi nilijiuliza swali moja tu: leo jike gani linakwenda wapi kwanza? Jibu lilikuwa lile lile. Juu. Wa kijani juu, wa manjano juu, wa bluu juu. Namba tatu haikugombaniwa na yeyote. Wa bluu alishuka huko akiwa ameshapigwa tu.

Nilimwambia Tata kwamba shida si utovu wa adabu, shida ni urefu. Kwa ndege nyumba nzuri ni ile ya juu, na juu palikuwa na moja.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuzitundike zote sawasawa."

"Sasa shefu atajulikana namna gani?"

"Ye mwenyewe atajijua, Tata."

Alikataa. Nikangoja Jumapili. Yeye na Mama walipokwenda misa, nilichukua nyundo na kamba. Nilifunga kamba kutoka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwingine, nikavipanga visanduku vyote kando ya kamba hiyo usawa wa macho yangu, milango yote ikielekea upande mmoja. Kibaraza cha namba moja nilikikata kwa msumeno. Nilikikata polepole, maana Tata alikuwa amekipigia msasa siku mbili. Pia niliongeza kisanduku cha nne kutoka kwenye kasha la zamani la vyombo, kwa sababu yule mama aliyenipa ndege alikuwa ameniambia nyumba zizidi hesabu ya familia, anayefukuzwa apate pa kwenda.

Tata alirudi na shati lake la misa. Alisimama mbele ya waya.

"Baraza yangu iko wapi?"

"Iko kule, Tata. Ku mabao ya kuwashia moto."

Hakugomba. Aliingiza tu mkono, akakiondoa kisanduku cha nne. "Hii hapana. Nyumba ya wazi inaleta bezi. Mi najua. Usiku moya tu bila mutu, asubuhi mulango hauko." Nilimwachia. Ushindi mmoja kwa Jumapili moja ulinitosha.

Ndani ya wiki vita viliisha. Wa manjano alichukua namba moja, wa kijani namba mbili, na wa bluu namba tatu, mwisho wa safu, pale ukuta unapopata joto la jiko. Wote watatu walitaga. Nikifika jioni kuwapa mtama na majani ya lengalenga, mchicha wetu wa hapa, niliwasikia ndani wakikwaruza mbao taratibu, na nilirudi kwenye daftari langu kuongeza miti kwenye lile banda kubwa.

Nilipima mayai kwa tochi ya simu, moja moja, nikiyashika kwa vidole viwili. Ya manjano yalikuwa matupu, maji meupe tu. Ya kijani yalikuwa ya baridi, kwa sababu yule jike hakuweza kutulia. Kila mara alitoka kuchungulia kwa jirani, kama mtu asiyeamini kwamba nyumba zimelingana. Baadaye aliyatupa mwenyewe. Lakini ya bluu, matano, yote yalikuwa na nyuzi za damu ndani yake, kama mizizi midogo.

Nilikwenda kumwambia Mama. Matano, nilisema, na ndiyo tuliyo nayo, hakuna mengine.

"Mvua haiangalie mayai," alijibu. "Inaangalia makala yangu." Lakini aliuliza yatafunguka lini, na nilipomwambia siku kumi na nane kwa kila yai alihesabu kwa vidole.

Dume jeupe lilikuwa bwana mwema. Wakati wa kulalia jike hatoki, ni dume anayekula kwa wawili kisha anasimama mlangoni na kumtilia chakula mdomoni. Alifanya hivyo kutwa nzima. Hakuwa mwimbaji.

Mwezi wa nane ilirudi ile baridi yetu ya mwisho wa kiangazi, na vumbi lake. Nilifunika banda kwa magunia na blanketi kuukuu. Asubuhi moja niliinua blanketi nikamkuta yule dume mweupe chini, miguu juu. Hakuwa na jeraha. Mpaka leo sijui ni baridi au ni nini. Nilimzika kwenye tuta la lengalenga, nikarudi kusuka, maana mteja alikuwa ameshafika.

Kabla ya saa sita nilisikia kelele. Jike la kijani, ambalo halikuwa tena na mayai, lilikuwa limejishikiza mlangoni pa namba tatu, kichwa ndani. Wa bluu alikuwa anajibu kutoka ndani kwa mdomo. Hakukuwa na dume wa kusimama mlangoni tena, na wa kijani alikuwa ameliona hilo upesi kuliko sisi. Nilimfukuza kwa kitambaa. Akarudi. Nikamfukuza tena, akarudi. Jike la bluu lilipotoa kichwa, ile nyama ya kahawia juu ya mdomo ilikuwa imechanika na damu ilikuwa imeingia jichoni.

Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Mama alikuwa anachekecha unga wa bukari, yaani ugali. Yule mteja alikuwa na nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama.

Mama hakuinua uso. "Tata," alisema. "Ule, bwana yake alikufa. Ye atatoka lini?"

Hakuna aliyecheka. Itabidi nieleze kwa nini.

Sheria ya nyumba za kampuni ilikuwa kwamba nyumba ni ya kazi. Mfanyakazi akifa, mjane alipewa miezi michache, kisha ufunguo unarudi. Tata hakuitunga sheria hiyo. Nilipokuwa mdogo sana, siku moja hakukuwa na mtu wa kukaa nami, akanichukua kazini. Tulikwenda mtaa wa tatu kutoka kwetu, kwa mama mmoja ambaye vitu vyake vilikuwa vimeshapangwa nje kwenye mkokoteni. Alimpa Tata kiti. Mimi alinipa kipande cha muhogo. Kisha akatuomba tungoje kidogo, akaingia ndani na ufagio, akafagia vyumba vyote viwili, na varanda, na ngazi. Alipomaliza aliegemeza ufagio ukutani, akatoa ufunguo kwenye kitambaa chake cha kichwa na kumpa Tata kwa mikono miwili. Njiani Tata alitangulia. Mimi nilikuwa nakula muhogo.

Nyumbani habari hiyo haikutajwa kamwe. Lakini Mama aliijua, na Tata alijua kwamba anaijua.

Basi nilidhani atakasirika. Aliinuka, akaingia ndani. Tulimsikia akimwaga kitu sakafuni. Alirudi na kile kizimba walichokuja nacho ndege kutoka kwa yule mama aliyehamia Lubumbashi, ambacho tulikuwa tunakitumia kutunzia vitunguu, na maganda ya vitunguu yalikuwa bado yamening'inia.

"Fungua," aliniambia.

Aliingia bandani kwa kuinama, yeye ambaye hakuwahi kuingia zaidi ya mkono. Alimnasa jike la kijani pale pale mlangoni pa namba tatu. Ndege alimuuma kidole gumba, akang'ang'ania mpaka damu ikatoka, na Tata hakumwachia.

"Eh, madame shefu," alimwambia. "Ulipata mutation."

"Mutation ya wapi?" Mama aliuliza.

"Dilolo."

Kwa Tata na wenzake wa zamani, Dilolo, kule mpakani na Angola, ilikuwa mwisho wa reli. Aliyehamishiwa huko aliagwa kwa huruma. Mteja wangu aliangua kicheko kwanza, kisha Mama, mpaka chekecheo likamponyoka. Tata alilikamata na dume la kijani pia. "Bwana afuate bibi yake," alisema, "nisiachanishe batu." Kizimba kilitundikwa kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba, bila kisanduku chochote ndani, na bila kisanduku jike lile lilipoa ndani ya siku mbili likaanza kumchana mumewe manyoya ya kichwa. Mpaka leo ukumbi ule tunauita Dilolo. "Viatu vyangu viko wapi?" "Ku Dilolo."

Lakini ilibaki shida ya chakula. Mimi nilitaka kukihamisha kisanduku cha bluu ndani ya nyumba, penye joto, na kumlisha huko. Nilikuwa nimeshakishika. Kisha nikaogopa. Jike akisogezewa nyumba anaweza kuyakana mayai yake, na haya yalikuwa yamebakiza siku chache. Kama akitoka kula mwenyewe na kukawia, yatapoa. Nilisimama pale nikiwa nimekishika kisanduku pande mbili, sikivuti wala sikiachi.

"Usimutoshe," Tata alisema nyuma yangu. "Akae pale pale. Ni siye tutamufuata."

Alichukua kifuniko cha kopo la maziwa, akakitoboa kwa msumari, akakifunga kwa waya chini kidogo ya mlango wa namba tatu, hivi kwamba jike akitoa kichwa tu anafikia mtama. Alikuwa anakaza waya kwa koleo, mgongo kwangu.

"Ule mama alifagia," alisema.

Sikumuuliza mama gani.

"Mi sikuandika ile règlement," alisema tena. "Lakini mi njo nilibeba ufunguo."

Akakata ncha ya waya, akaweka koleo mfukoni.

Kuanzia siku hiyo kifuniko kile kilikuwa kazi yake. Asubuhi mtama ulioloweshwa, mchana lengalenga iliyokatwa, jioni tena. Jike la bluu siku ya kwanza halikutoka kabisa. Siku ya pili lilitoa kichwa, likatazama kile kidole gumba kilichofungwa kitambaa, likala. Dume na jike la manjano nao tuliwaacha, hawakuwa na maneno na mtu.

Yai la kwanza lilifunguka asubuhi ya siku ambayo sikuitazamia. Nilisikia sauti nyembamba mno, kama kiatu kipya. Nikamwita Mama. Alitega sikio kwenye mbao, ungo bado mkononi, akakaa hivyo.

"Iko mutu ndani," alisema.

Yalifunguka matatu. Mawili hayakufunguka. Kifaranga wa mwisho alikuwa mdogo sana na siku ya nne alikufa. Nilimtoa nikamzika karibu na dume jeupe. Walibaki wawili, uchi, macho yamefumba, shingo kama uzi. Peke yake mama yao aliwalisha mpaka mdomo ukawa mchafu wakati wote. Nilianza kupika yai la kuku na kulisaga na maganda yake. Siku chache baadaye nilikuta yai limeshapikwa, limeshasagwa, limefunikwa kwa sahani, na Mama anaosha vyombo kama hajui lilipotoka.

Mwezi wa tisa ulikwenda. Vifaranga walitoa manyoya, mmoja bluu kama mama yake, mwingine mweupe wenye mabawa ya kijivu. Lakini hawakutoka. Walichungulia mlangoni, wakarudi ndani. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mutoshi kila alasiri, na kila alasiri nilitazama mawingu, nikatazama mlango wa duara.

Mvua ilishinda. Ilianguka siku ya Alhamisi, kubwa, yenye mawe madogo, ikipiga malata mpaka hatukusikizana. Magunia manne ya makala ya Mama yalikuwa yamefika asubuhi ile ile na yalikuwa yamesimama uwanjani. Tulikimbia wote watatu. Tata alishika gunia la kwanza, akaelekea ukuta wa jikoni, kisha akasimama kwenye maji bila kujua la kufanya, maana pale palikuwa na banda.

Nilianza kusema, "Mama, basi, nitabaondosha..."

"Uko nangoja nini na hiyo makala?" Mama alimpigia kelele Tata. "Inaloba maji! Ingiza mu nyumba!"

"Mu nyumba wapi?"

"Ku Dilolo! Kwa bashefu!"

Tukayaingiza magunia ukumbini, chini ya kizimba cha jozi ya kijani. Sakafu yote ilikuwa nyeusi.

Kifaranga wa bluu alitoka Jumamosi, jua lilipowaka. Alikaa mlangoni muda mrefu, kisha akaanguka zaidi kuliko kuruka, akajigonga kwenye waya, akajishikiza. Mama yake alikuja kukaa karibu naye. Yule mweupe alitoka kesho yake na aliruka vizuri kabisa, kama aliyekuwa amejifunza kwa kutazama makosa ya mwenzake.

Mama alikuja akajifuta mikono. Aliwatazama wote. Kisha akamtazama Tata kwa jicho la pembeni.

"Batoto balitoka sasa. Bwana hana. Nyumba namba tatu tunaikamata?"

"Aende wapi?" Tata alisema. "Ni nyumba yake."

Wiki iliyofuata nilisikia nyundo. Nilikuwa barazani, vidole kwenye nywele za mtu, nikamwomba anisubiri. Tata alikuwa ametoka na kisanduku kipya cha nne, cha mbao za paleti, kipimo kile kile cha vingine, hakina kibaraza wala namba. Alikuwa anakipigilia kando ya namba tatu.

Nilimuuliza ni cha nani.

"Leta ile kamba yako," alisema. "Pima kwanza kama iko sawa na bingine."

Nilileta kamba, nikaivuta kutoka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwingine. Kilikuwa sawa.